Tumbo la Mtu na Mkono wa Mganga

Ubongo wa mtu umezungukwa na mifupa ya fuvu, na moyo wake na mapafu yake yamezungukwa na mbavu. Lakini tumbo halina ukuta wa mifupa upande wa mbele. Limefunikwa na ngozi, na mafuta, na matabaka ya nyama tu. Jambo hili lina hatari yake na faida yake. Hatari ni kwamba pigo la ngumi au la teke huweza kufika ndani kwa urahisi. Faida ni kwamba mkono wa mganga nao huweza kufika, ukaleta habari za viungo ambavyo jicho halivioni. Lakini mkono hautambui kitu ambacho akili haikujifunza kwanza. Kwa sababu hiyo kila mtu atakaye kuwa mganga wa hospitali hana budi kujifunza ramani ya tumbo, mpaka aijue kama mvuvi ajuavyo miamba iliyofunikwa na maji.

Juu, tumbo limetengwa na kifua kwa kiwambo, yaani nyama nyembamba iliyoinuka katikati kama kuba. Mtu avutapo pumzi, kiwambo hushuka. Atoapo pumzi, hupanda. Nyuma ya tumbo kuna uti wa mgongo na nyama nene za kiuno, na chini kuna mifupa ya nyonga. Basi, kwa kuwa kiwambo kimeinuka, tumbo halianzi pale mbavu zinapokoma, kama watu wengi wadhanivyo. Viungo vyake vingine vimejificha ndani ya mbavu za chini.

Ili kukumbuka mahali pa kila kiungo, waganga hupiga mistari miwili katika akili zao. Mmoja hutoka kwenye kidari hata kinena, na wa pili hukata wa kwanza kitovuni. Hivyo tumbo hugawanyika robo nne: mbili za juu na mbili za chini. Wasemapo upande wa kuume, maana yake ni kuume kwa mgonjwa, wala si kuume kwa mganga aliyesimama mbele yake. Mwanafunzi asiyeshika neno hili dogo huweza kuleta msiba mkubwa.

Katika robo ya juu ya kuume limo ini, kiungo kikubwa kuliko vyote vilivyomo tumboni, ambalo uzito wake kwa mtu mzima hupata kilo moja na nusu. Chini yake umening'inia mfuko wa nyongo. Katika robo ya juu ya kushoto umo mfuko wa chakula, na pembeni, chini ya mbavu, imo bandama, ambayo wengine huiita wengu. Ukubwa wake ni kama ngumi. Nyuma ya mfuko wa chakula imelala kongosho. Mafigo mawili yako nyuma kabisa, moja kila upande wa uti wa mgongo, na la kuume limeshuka kidogo kwa sababu ini liko juu yake.

Utumbo mwembamba umejikunja katikati ya tumbo. Ukinyoshwa baada ya mtu kufa, urefu wake hupata mita 6 hivi. Huingia katika utumbo mpana kwenye robo ya chini ya kuume, na karibu na mlango huo kimetokeza kijitumbo chembamba kisicho na tundu mwishoni, kiitwacho kidole tumbo. Utumbo mpana hupanda upande wa kuume, huvuka chini ya mfuko wa chakula, kisha hushuka upande wa kushoto, mfano wa miimo ya mlango na kizingiti chake cha juu. Chini kabisa kimo kibofu cha mkojo, na kwa wanawake mji wa mimba.

Ramani hii haikupatikana upesi. Zamani za dola ya Rumi alikuwapo mganga mmoja Mgiriki, jina lake Galen, aliyezaliwa mwaka wa 129 katika mji wa Pergamon, ambao sasa umo katika nchi ya Uturuki. Galen alikuwa mtu wa akili nyingi, akaandika vitabu vingi. Lakini katika siku zake haikuwa desturi kupasua maiti za watu. Basi alipasua kima, nguruwe na wanyama wengine, akapima mwili wa mtu kwa miili yao. Vitabu vyake viliheshimiwa kwa zaidi ya miaka 1,000, na makosa yake yakaheshimiwa pamoja navyo. Wanafunzi walifundishwa kwamba ini la mtu limegawanyika sehemu tano, kama lilivyo la wanyama wengine.

Mwaka wa 1514 alizaliwa katika mji wa Brussels mtu aitwaye Andreas Vesalius, ambaye baadaye alikuwa mwalimu katika mji wa Padua, nchi ya Italia. Mwaka wa 1538 alitoa picha za mwili, naye bado alilichora ini katika sehemu tano, kwa kuwafuata wakubwa wa kale. Desturi ya wakati ule ilikuwa mwalimu kukaa juu ya kiti, akisoma kitabu, na mtu mwingine kupasua maiti huko chini. Vesalius alishuka kitini, akashika kisu mwenyewe, akaangalia. Mwaka wa 1543 alipotoa kitabu chake kikubwa, zile sehemu tano hazikuwamo tena. Alikuwa ameliamini jicho lake, akasahihisha si maneno ya Galen tu, bali na picha yake mwenyewe pia.

Mganga aliyekwisha kuijua ramani huitumia kwa utaratibu. Mgonjwa hulazwa chali, magoti yake yakiwa yamekunjwa kidogo, ili nyama za tumbo zilegee. Kwanza mganga hutazama: je, tumbo limevimba? Je, lapanda na kushuka pamoja na pumzi? Pili husikiliza sauti ya matumbo, maana utumbo mzima haunyamazi muda mrefu. Tatu hugonga kwa kidole. Penye hewa hutoka sauti kama ya debe tupu. Juu ya ini, au penye maji, sauti ni nzito kama ya debe lililojaa. Elimu hii ya kugonga ilitolewa mwaka wa 1761 na Leopold Auenbrugger, mganga wa mji wa Vienna, aliyeitumia kwanza katika magonjwa ya kifua. Mwisho hupapasa. Mkono wake lazima uwe na joto, nao huanza mbali na mahali panapouma. Na macho yake hayatazami mkono, bali uso wa mgonjwa, kwa kuwa uso husema kabla ya kinywa.

Mfano mmoja ni bandama. Bandama ya mtu mzima wa afya kwa kawaida haifikiwi na vidole. Lakini homa ya malaria ikimrudia mtu mara nyingi, bandama huvimba, hutoka chini ya mbavu za kushoto, na kushuka kwa mshazari kuelekea kinena cha kuume. Mwanafunzi asiyejua njia hiyo huweka vidole vyake karibu na mbavu za kushoto, asione ukingo wowote, akasema hakuna kitu. Kumbe mkono wake umelala juu ya bandama yenyewe! Ajuaye huanza chini, upande wa kuume, akapanda polepole mpaka ukingo umguse. Zamani, waganga walipotaka kujua kama malaria imeenea katika nchi fulani, waliwapanga watoto wakapapasa bandama zao, wakahesabu zilizovimba.

Bandama iliyovimba huweza kupasuka kwa pigo, na damu kumwagika ndani bila jeraha kuonekana nje. Mara nyingine mgonjwa husikia maumivu katika bega la kushoto, ingawa bega halikupigwa. Sababu yake ni kwamba damu imekigusa kiwambo, na mishipa ya fahamu ya kiwambo hutoka shingoni, mahali pamoja na ile ya bega. Asiyeijua ramani atalitibu bega, na mgonjwa atakufa. Kwa hiyo watoto wasipigane ngumi na mateke ya tumbo.

Mfano wa pili ni kidole tumbo. Kikiziba na kuvimba, maumivu huanza karibu na kitovu, nayo hayana mahali hasa. Mgonjwa hukataa chakula, na pengine hutapika. Baada ya saa kadhaa maumivu huhama, yakakaa katika robo ya chini ya kuume. Kuhama huku kuna sababu. Mwanzo ni utumbo wenyewe unaolalamika, na mishipa yake ya fahamu haiwezi kuonyesha mahali hasa. Kisha uvimbe hugusa utando uliofunika ukuta wa tumbo ndani, na utando huo hujua mahali pake vema. Mwaka wa 1886 Reginald Fitz, mganga wa Boston katika Marekani, alionyesha kwamba maumivu mengi ya upande huo, ambayo watu waliyadhania kuwa ya utumbo mpana, asili yake ni kidole tumbo, akashauri wagonjwa wapasuliwe mapema. Mwaka wa 1889 Charles McBurney wa New York alionyesha mahali panapouma zaidi. Mtu akipiga mstari toka ncha ya mfupa wa nyonga ya kuume hata kitovuni, mahali penyewe ni penye theluthi moja ya mstari huo, kuanzia mfupani.

Ugonjwa huu haumchagui mtu. Edward wa Saba, Mfalme wa Uingereza, alikuwa atawazwe tarehe 26 Juni 1902, na wageni wa nchi nyingi walikuwa wamekwisha fika London. Mfalme alishikwa na maumivu ya tumbo, wala hakutaka sherehe iahirishwe. Lakini mganga Frederick Treves, ambaye binti yake mwenyewe alikuwa amekufa kwa ugonjwa uo huo mwaka wa 1900, alijua hatari ya kungoja. Tarehe 24 Juni alimpasua mfalme, akatoa usaha. Mfalme akapona, akatawazwa tarehe 9 Agosti. Kwa hiyo mtoto mwenye maumivu ya tumbo yaliyohamia kuume asipewe dawa ya kuharisha, maana yaweza kuhimiza kidole tumbo kipasuke. Apelekwe hospitali siku ile ile.

Mwaka wa 1895 Wilhelm Röntgen, Mjerumani, alivumbua miali ipenyayo mwili, na siku hizi ziko mashine zitumiazo mawimbi ya sauti kuonyesha ini na mafigo. Ni msaada mkubwa. Lakini picha hizo nazo ni giza kwa mtu asiyeijua ramani, na mashine haziko kila mahali. Kwa hiyo wanafunzi wa uganga wangali wakijifunza kwa kupapasana matumbo wao kwa wao, na kwa kupasua maiti za watu, ambao wengine wao waliagiza kabla ya kufa kwamba miili yao itumike hivyo. Watu hao huwafundisha wanafunzi wasiokutana nao wakiwa hai, na kwa sababu hiyo imewapasa wanafunzi kuishika miili yao kwa heshima. Mgonjwa afikapo usiku akilishika tumbo lake, mganga huweka mkono palipo pake, na mgonjwa hupata faida ya yote yaliyofunuliwa tangu siku za Vesalius.

Maswali

1. Kwa nini tumbo huumizwa kwa urahisi kuliko kifua?
2. Taja viungo viwili vilivyomo katika kila robo ya juu ya tumbo.
3. Galen alikosea kwa sababu gani, na Vesalius alisahihishaje?
4. Mganga apapasapo bandama, huanza wapi, na kwa nini?
5. Eleza jinsi maumivu ya kidole tumbo yanavyohama.