Baba alipigia kura Brexit, sasa dada anahesabu miaka 15

Kwenye kipindi kilichopita tuligusia Brexit dakika tano hivi, nikasema kwa utani kwamba kwetu nyumbani kuna mtu alipiga kura ya kutoka Ulaya. Tukacheka, tukaendelea. Sikujua Baba husikiliza mpaka mwisho. Jioni akanipigia: "Umenicheka mbele za watu na hukueleza sababu." Ana haki. Basi leo naeleza.

Tarehe 23 Juni 2016 Baba alitoka kazini akaenda moja kwa moja kupiga kura. Paspoti yake wakati ule ilikuwa ya Kenya tu. Wengi wa rika langu hawajui hata kwamba hilo liliwezekana. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi huku kihalali waliruhusiwa kupiga ile kura ya maoni, kwa hiyo Mkenya, Mtanzania, Mganda na Mnyarwanda walikuwemo. Mkongo na Mrundi, mpaka wawe wamechukua uraia. Jirani yetu Mpolandi, aliyekuwa ameishi Leicester miaka tisa, analipa kodi, watoto wako shule, hakuruhusiwa. Jambo linalomhusu yeye kuliko sote liliamuliwa na watu kama baba yangu.

Na Baba hakuwa na ugomvi naye hata kidogo. Wanapeana mboga juu ya ua mpaka leo. Hasira yake ilikuwa nyingine. Shangazi alinyimwa viza ya kuja kwenye harusi ya dada yangu mkubwa, mara mbili, na ada ya maombi hairudi. Mwaka huohuo kaka yake Mpolandi alipanda basi kule kwao, akashuka hapa, wiki iliyofuata ana kazi. Baba akawa anasema, "Sisi waliotutawala, tukasoma kwa mitihani yao, tukaimba nyimbo zao, ndo tunaombwa barua ya benki. Huyu anaombwa nini? Tiketi ya basi!"

Hakujitungia mawazo hayo peke yake. Kampeni ya kutoka iliyajua vizuri. Priti Patel, ambaye wazazi wake walitokea Uganda, aliwaambia wenye mikahawa ya vyakula vya Bara Hindi kwamba wakitoka Ulaya, wapishi kutoka kwao watapata nafasi iliyo sawa. Kwa mji kama Leicester, ambako mzee wa duka anaweza kukusalimia kwa Kiswahili cha Kampala, maneno hayo yalipata masikio. Kura hapa karibu zigawanyike nusu kwa nusu, 51.1 kwa mia wakitaka kubaki. Nchi nzima, 51.9 wakataka kutoka.

Sasa, kwenye mtaa uleule kuna mzee mwingine, Mwingereza, dereva mstaafu, naye alipiga kura kama Baba. Yeye alitaka watu wapungue. Yaani wawili hawa waliweka alama kwenye kisanduku kimoja, mmoja akitaka mlango ufunguliwe kwa ndugu zake na mwingine akitaka ufungwe kwa wote. Nimesikia mijadala mingi ya wasomi kuhusu nini hasa watu walichagua siku ile. Mimi huwa nawafikiria hawa wawili tu.

Kwanza akapata Baba. Uhuru wa Wazungu wa Ulaya kuja kufanya kazi bila viza uliisha mwisho wa 2020, katikati ya korona, na nyumba za wazee zikaanza kukosa watu. Mwaka wa 2021/22 kazi za kutunza wazee na wagonjwa England zilikuwa na nafasi wazi karibu 165,000. Februari 2022 serikali ikafungua viza kwa watunzaji wa kawaida kutoka popote duniani. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa nani? Priti Patel huyohuyo. Wakaja watu kutoka Nigeria, Zimbabwe, India, Ghana, na kwetu pia. Tofauti kati ya wanaoingia na wanaotoka, iliyokuwa zaidi ya 300,000 mwaka wa kura, ikapita 900,000 kwa mwaka ulioishia Juni 2023. Yule dereva mstaafu alikuwa haamini anachosikia kwenye redio.

Dada yangu, binti wa shangazi, alianza safari yake Novemba 2023. Shangazi aliuza kiwanja Mtwapa, pesa zikaenda kwa wakala, na wakala akaahidi cheti cha udhamini wiki sita. Mpango ulikuwa aje kwanza, mume na watoto wawili wafuate. Wiki sita zikawa kumi, zikawa kumi na tano. "Kesho, dada, mwajiri anasaini kesho." Tarehe 11 Machi 2024 sheria ikabadilika: mtunzaji anayeomba viza kuanzia siku hiyo haruhusiwi kuleta mume, mke wala watoto. Cheti kikatoka Aprili.

Angeweza kukataa. Lakini kiwanja kimeshauzwa. Akaja Juni, akawaacha watoto kwa bibi yao, mkubwa miaka tisa, mdogo sita.

Alipofika alipewa kadi ya ukaazi inayoisha 31 Desemba 2024 wakati viza yake inakwenda mpaka 2027. Akadhani wamekosea. Hawakukosea, kadi zote zilikuwa zinaondolewa na hadhi ya mtu inahamia mtandaoni. Mwajiri akitaka kujua kama una ruhusa ya kufanya kazi, unaingia kwenye akaunti, unatoa namba ya herufi na tarakimu tisa, unampa, na baada ya siku 90 namba hiyo imekufa, unatoa nyingine. Siku ya kwanza akaunti ilimgomea dada mpaka usiku. Mimi mwenyewe, niliyezaliwa hapa na paspoti nyekundu iliyogeuka bluu, nilikuwa sina msaada wowote. Aliyemsaidia ni jirani Mpolandi. Watu wa Ulaya ndio waliotangulizwa kwenye mfumo huo tangu 2019, hawakupewa kadi kabisa. Alikaa jikoni kwetu akamwonyesha kila kitufe, akamwambia apige picha kila ukurasa na aziweke mahali pawili. Yeye ukaazi wake wa kudumu uko salama, watoto wake wako chuo. Asiyepiga kura.

Zamu ikafika ya yule dereva. Julai 2025 mlango wa kuajiri watunzaji kutoka nje ukafungwa, waliomo ndani wakapewa mpaka Julai 2028 kuongeza muda au kuhamia mwajiri mwingine wa kazi hiyo. Kwa mwaka ulioishia Juni 2025 tofauti ya wanaoingia na wanaotoka ilishuka hadi 204,000 hivi. Halafu Novemba 2025 Waziri wa Mambo ya Ndani, Shabana Mahmood, akatoa mapendekezo: ukaazi wa kudumu ambao wengi waliupata baada ya miaka 5 uwe baada ya 10, na kwa kazi zilizo chini ya kiwango cha digrii, wakiwemo watunzaji, 15. Tena yawaguse hata walioko hapa tayari. Serikali ikaomba maoni mpaka Februari 2026.

Yaani ahadi zote mbili zimetimizwa, moja baada ya nyingine, juu ya mgongo wa mtu mmoja. Alifunguliwa kwa sababu ya Baba, akafungiwa kwa sababu ya dereva, na hakuwepo kwenye kura yoyote. Hesabu ya miaka 15 dada aliifanya mezani kwetu bila kalamu: mdogo atakuwa na 21, mkubwa 24, hapo hawaitwi watoto tena.

Nilimuuliza Baba kama anajuta. Nilitaka ajute, sitaficha. Akasema hapana, alichotaka kilikuwa haki, na kwamba kama angebaki Ulaya shangazi angeendelea kunyimwa viza vilevile. Nikamwambia mbona bado ananyimwa. Akanyamaza, akaenda kumwagilia sukuma wiki.

Lakini wiki iliyofuata nilimkuta na kompyuta yangu, miwani kwenye ncha ya pua, anajaza ile fomu ya maoni kwa kidole kimoja. Sasa ana uraia, anasema lazima wamsikilize. Alifika kwenye swali linalotaka maelezo kwa maneno yako mwenyewe, akamwita dada.

"Hapa wanauliza watu wasubiri kwa nini. Niandike nini?"

Dada alikuwa anafunga kamba za viatu, zamu yake ya usiku inaanza saa mbili. "Andika unavyojua, Mjomba," akasema. "Mimi nikirudi asubuhi nitakusomea."