Mama Anapokwenda Marekani Kumhudumia Mzazi

Siku hizi katika ushirika wetu hauishi mwaka bila kumwombea safari mama mmoja. Binti yake anatarajia kujifungua Marekani, tiketi imetumwa, nasi tunaimba, tunamvika kitenge na kulia kidogo. Hatukuwa na desturi ya kumwuliza: Mama, utakaa kwenye kiti saa ngapi?

Kutoka Nairobi hadi New York ni kama kilomita 11,800. Shirika la Kenya Airways lilianzisha safari isiyotua njiani Oktoba 2018. Kwenda huchukua saa 15 hivi, na kurudi kama 14, kwa sababu pepo za juu huvuma kutoka magharibi na kuisukuma ndege. Anayetoka Dar es Salaam aongeze saa moja na zaidi ya kufika Nairobi, tena na kungoja.

Mwenzetu mmoja alikaa saa hizo zote bila kuinuka. Alikuwa dirishani, akaona haya kuwaamsha waliolala, basi akaacha hata kunywa maji ili asiende msalani. Fedha alikuwa amezifunga kiunoni, zimembana kweli kweli. Siku ya tatu shavu la mguu wa kushoto likavimba na kuuma. Binti, na tumbo lake la miezi tisa, ndiye aliyempeleka mama hospitali. Damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa. Mjukuu alizaliwa bibi akiwa kitandani.

Akina mama, tusiogope kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba kukaa safarini saa 4 au zaidi huongeza hatari hii kama mara mbili, lakini humpata kama msafiri 1 kati ya 6,000. Mnene sana, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, au aliyewahi kuganda damu amwone daktari kwanza. Wengine wote: nyanyua visigino ukiwa umekaa, tembea, kunywa maji. Mguu mmoja ukivimba, au pumzi ikikata ghafla, usingoje maombi ya jioni; nenda hospitali, maombi yatakufuata huko.

Jambo la dawa ndilo linalotusumbua zaidi. Ukiondoka Nairobi saa 5 usiku wakati wa baridi kule, unafika New York saa 12 asubuhi. Saa ya ukutani inasema umesafiri saa 7! Aliyemeza kidonge saa 2 usiku atadhani cha asubuhi bado, kumbe zimepita saa 18. Wenye sukari wapangiwe sindano zao na daktari kabla ya safari, na insulini ikae kwenye mkoba wa mkononi, maana kwenye mizigo ya chini yaweza kuganda kwa baridi au kupotea.

Mama anayeondoka mwezi ujao tumemtafutia kiti cha kando ya njia. Saa za vidonge tumemwandikia kwenye karatasi kwa majira ya nyumbani, na saa yake ya mkononi ameahidi hataigusa mpaka amwone binti yake.