Maziwa Hayafiki Kwenye Mapafu

Swali huja hivi: "Mtaalamu, mashine ya kunyonya vumbi niiwekee mfuko wa kufua au wa kutupa? Maana maziwa nakunywa kila jioni." Nimeulizwa Nyamongo, nikaulizwa Kewanja na Kerende, na mafundi seremala, na wakata mawe, na vijana wa karasha, mitambo ya kuponda mawe ya dhahabu. Mfuko unaweza kubadilika, ukawa kiroba au barakoa, lakini maziwa hayakosekani. Nayaanzia hayo, kwa sababu anayeyaamini hatahangaika na mfuko hata akipewa bure.

Kemambo, huku Tarime, ni nchi ya wafugaji na maziwa yanapatikana, ndiyo maana imani hii imekaa sana. Wapo wenye karasha wanaowagawia vijana maziwa mwisho wa zamu na kuhesabu kwamba kinga wameshatoa. Hapo ndipo uvumilivu unaponiishia.

Kooni kuna njia mbili. Moja inapeleka chakula tumboni, nyingine inapeleka hewa kwenye mapafu, na ukimeza, kidakatonge kinaifunika ile ya hewa. Tone la maziwa likikosea njia unapaliwa na kukohoa mpaka litoke. Maziwa yanayoshuka vizuri yanakwenda tumboni, yanasagwa kama chakula kingine, basi. Hakuna mahali yanapokutana na vumbi lililo ndani ya mapafu.

"Mbona nikinywa nasikia nafuu?" Nafuu ipo, ila ni ya koo. Chembe kubwa za vumbi hunasa puani na kooni, zikakausha na kuwasha. Chai ingezisukuma, uji ungezisukuma, hata maji ya kisima yangezisukuma. Na yale makohozi meusi ya asubuhi, ambayo wengi wananionyesha kama ushahidi kwamba maziwa "yametoa uchafu", yanapandishwa na vinyweleo vidogo vilivyo kwenye njia ya hewa. Vinafanya kazi hiyo usiku na mchana, unywe maziwa usinywe.

Vumbi linaloua halimo kwenye makohozi hayo. Ni lile la chini ya maikroni 4, wakati unywele wa kichwani una kama maikroni 70. Halionekani, haliwashi, halikohozwi. Linapita mpaka kwenye vifuko vya hewa, ambako hakuna vinyweleo vya kulirudisha. Likiwa la jiwe lenye silika, seli walinzi zinalimeza, zinakufa, na kadiri zinavyokufa ndivyo mapafu yanavyoota makovu. Kovu halifutiki. Ugonjwa huo, silikosisi, unaweza kuendelea kumla mtu hata baada ya kuacha kazi, na aliye nao yuko kwenye hatari ya kupata kifua kikuu takriban mara tatu ya mtu mwingine. Hakuna dawa ya kuuondoa, ya hospitali wala ya mitishamba. Kuna kuuzuia tu.

Na kama maziwa yenyewe ni mabichi, yaliyotoka kwenye chuchu yakaingia kikombeni bila kuchemshwa, yanaweza kukuletea brusela au kifua kikuu cha ng'ombe. Mtu mwenye mapafu yaliyojaa vumbi ndiye wa mwisho anayepaswa kuyagusa. Kunywa maziwa kwa kuwa ni chakula kizuri, yachemshe kwanza, na usiyape kazi yasiyoiweza.

Watafiti waliopima hewa wanayovuta wachimbaji wadogo wa dhahabu hapa Tanzania walichapisha matokeo yao 2015. Chini ya ardhi, kwenye kutoboa miamba, walikuta wastani wa miligramu 16.85 za silika katika kila mita ya ujazo ya hewa. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na taasisi ya NIOSH ya Marekani ni 0.05. Huku juu, kwenye shughuli kama kuponda na kusaga, ambako wengi wanajiona wako salama, kiwango kilizidishwa karibu mara nne. Kwa hewa ya namna hiyo, ndugu yangu unaniambia habari ya glasi ya maziwa!

Sasa mfuko. Wa kitambaa, yaani wa kufua, ukiwa mpya unazuia vumbi laini kama wavu wa sangara unavyozuia dagaa. Ukitumika, vumbi lenyewe linajenga utando kwenye nyuzi na mfuko unaanza kuchuja vizuri zaidi. Ukiufua, umeuondoa utando huo na unaanza upya kuvujisha. Kwa hiyo anayeufua kila Jumamosi kwa sabuni ili "ufanye kazi vizuri" anaharibu.

Lakini ubaya mkubwa uko kwenye kuumwaga. Fundi anaufungua zipu, anaupigapiga kwenye nguzo ya banda, wingu linapanda, yeye anageuza uso pembeni akidhani limempita. Simama pale jua linapopenya kwenye tundu la bati utaliona bado linaelea, na hilo unaloliona ndilo kubwa. Lile la maikroni moja, hewa ikiwa imetulia, huchukua saa kadhaa kushuka kutoka usawa wa pua mpaka chini. Mama lishe wa jirani analivuta, na mtoto aliyemfunga mgongoni analivuta. Vumbi la siku nzima lililokuwa limeshakamatwa, umelirudisha hewani kwa dakika mbili.

Wa kutupa una tabaka kadhaa, unachuja laini tangu siku ya kwanza, na unatoka mdomo ukiwa umezibwa. Ni ghali, nakubali. Ila ukiuchana kwa nyuma, ukaumwaga na kuufunga kwa gundi ya karatasi, umelipia bei ya wa kutupa na kubaki na ubaya wa wa kufua.

Basi: maranda ya mbao, yale manene, kitambaa kinatosha. Vumbi la msasa na vumbi la jiwe, wa kutupa, kwenye mashine yenye alama ya daraja M au H. Ubadilishe ukifika theluthi mbili. Kiroba cha unga si mfuko. Kama huna fedha ya mashine, tumia maji: lowesha jiwe kabla ya kuponda, saga kwa maji, dondosha maji kwenye kisu cha kukatia. Usifagie pakavu, na usijipulizie nguo kwa kompresa. Barakoa iwe FFP2, N95 au zaidi, ikae kwenye ngozi iliyonyolewa. Khanga na barakoa ya kitambaa hazihesabiki. Nguo za kazi zibaki kazini. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri akupatie vifaa vya kinga, na maziwa si kifaa cha kinga.

Ukikohoa wiki mbili, nenda kapime kifua kikuu. Kwenye vituo vya serikali kupima na kutibiwa ni bure. Ukifika, usiseme tu "nakohoa". Mwambie daktari unafanya kazi karasha au unakata mawe, na umeanza mwaka gani, maana kwenye picha ya eksirei silikosisi na kifua kikuu hufanana, na wapo waliomezeshwa dawa za kifua kikuu tena na tena ilhali kilichowajaa ni vumbi.