Mashine ya Ukungu: Anza na Maji, Bei Baadaye

Wapambaji wa kumbi pale Sirari siku hizi wanaulizwa kitu kimoja na maharusi: ule ukungu mweupe unaotambaa juu ya maji mbele ya meza kuu. Likizo huwa nasaidia kazi hiyo, na hapa chuoni naona wenzangu nao wanakitafuta kimashine chake, wengine kwa biashara, wengine kwa kibwawa cha samaki wa mapambo au boksi la kioo la mimea. Kabla hujatoa hela ya boom, tuelewane mambo machache.

Hii si ile mashine ya moshi ya disko. Ile inapasha moto kimiminika maalumu. Hii haichemshi kitu. Ina kisahani cha kauri kinachotetemeka karibu mara milioni 1.7 kwa sekunde, sauti ambayo sikio la binadamu haliinasi. Mtetemo huo unarusha vitone vya mikroni chache tu, ndivyo tunavyoviita ukungu. Ni wa baridi na hulala chini. Ukiuweka kwenye upepo au karibu na feni, haupo tena.

Swali la kwanza ni kina cha maji. Mashine nyingi ndogo zinataka maji yasimame sentimita 2 hadi 4 hivi juu ya kisahani. Bwawani maji hupanda na kushuka, kwa hiyo chukua yenye boya. Kwenye beseni, hakikisha ina kihisio cha kuizima maji yakipungua, maana kisahani kikifanya kazi kikavu kinaungua.

Piga na hesabu. Mashine ya kisahani kimoja hula kama mililita 300 hadi 400 kwa saa. Kwenye sherehe ya saa nne, hiyo ni zaidi ya lita moja. Beseni la sentimita 30 kwa 20 litashuka sentimita 2 nzima, na mashine inaweza kuzima kabla keki haijakatwa. Chagua beseni pana, au mtu apewe kazi ya kuongeza maji.

Kwa wanaofuga, uliza kwanza mnyama wako anataka nini. Chura wa Kihansi, aliyegunduliwa mwaka 1996 huko Udzungwa, aliishi kwa manyunyu ya maporomoko. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, makazi yake yakakauka. Ikabidi afugwe Marekani kwenye maboksi yenye manyunyu, na kule korongoni zikafungwa bomba za kunyunyizia. Alirudishwa mwaka 2012. Kiumbe wa namna hiyo bila unyevu hana maisha, lakini mjusi wa nchi kavu ukimjazia ukungu kutwa nzima unamtafutia ugonjwa. Hata kwa chura, washa kwa vipindi na uache hewa ipite.

Sasa afya. Kilichomo majini kinapanda na ukungu, kisha mnakivuta. Maji yaliyolala siku tatu kwenye beseni ni vijidudu vitupu. Mwaga, osha, weka mapya. Maji ya chumvichumvi huacha vumbi jeupe mezani na utando kwenye kisahani. Ufute kwa siki na kitambaa laini. Mashine ikiwa inafanya kazi, usiingize kidole juu ya kisahani. Nyingi za kisahani kimoja hutumia volti 24 kupitia transfoma. Hiyo transfoma ikae juu, pakavu, mbali na watoto.

Ukinunua, iwe Sirari au umevuka hapo Isebania, plagi ya miguu mitatu inaingia pande zote mbili, hilo lisikusumbue. Mwombe muuzaji beseni la maji, iwashwe dakika kumi mbele yako. Kisha muulize kama anauza kisahani cha akiba, maana ndicho kinachochakaa kwanza. Akisema hana, utakuja kutupa mashine nzima kwa ajili ya kipande kidogo kuliko sarafu.