Atapona? Damu Inavyojibu Baada ya Jeraha la Ubongo

Ndugu wanaosubiri nje ya chumba cha wagonjwa mahututi huwa na swali moja kwa daktari: atapona? Kwa daktari, hayo ni maswali mawili. La kwanza ni kama mgonjwa atabaki hai. La pili ni kama ataweza kuoga mwenyewe, kurudi kazini na kuwatambua wanawe. Vipimo vipya vya damu hulijibu la kwanza vizuri kuliko la pili.

Kichwa kinapopigwa kwa nguvu, seli za ubongo huharibika na protini zake huvujia kwenye damu. UCH-L1 hutoka ndani ya seli za neva zenyewe na hufikia kilele saa chache baada ya ajali. GFAP hutoka kwenye seli zinazozihudumia zile za neva, nayo hukawia hadi karibu siku nzima. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha kipimo cha protini hizo mbili, ila kwa majeraha madogo: kumsaidia daktari kuamua kama picha ya CT inahitajika.

Kuhusu kubashiri hatima ya mgonjwa, ushahidi mzito ulitoka kwenye utafiti wa Marekani uitwao TRACK-TBI, uliochapisha mwaka 2022 matokeo ya wagonjwa 1,696. GFAP ya siku ya kwanza iliwatofautisha vizuri waliofariki ndani ya miezi 6 na walionusurika. Lakini katika kubashiri nani angerudia hali yake ya awali kikamilifu na nani angebaki na kasoro, ilikuwa dhaifu.

Hapo ndipo mimi huigeukia NfL. Protini hii hukaa ndani ya nyuzi ndefu za seli za neva kama nondo ndani ya zege, na nyuzi zikikatika huendelea kuvuja kwa muda mrefu. Watafiti wa BIO-AX-TBI barani Ulaya walionyesha mwaka 2021 kwamba hufikia kilele kati ya siku ya 10 na wiki ya 6, na kwa wengi huwa bado iko juu hata mwaka mmoja baadaye. Kadiri ilivyokuwa juu, ndivyo ubongo ulivyosinyaa zaidi katika miezi iliyofuata.

Hata hivyo, NfL hupanda pia kwa uzee, kwa ugonjwa wa figo na kwa neva za mikono au miguu zilizoumia. S100B, kiashiria cha zamani zaidi, hutoka hata kwenye mafuta na mifupa iliyovunjika. Majeruhi wa bodaboda aliyevunjika paja anaweza kuonekana na ubongo mbovu kuliko alio nao.

Muda nao una neno lake. Kati ya walioumia vibaya katika TRACK-TBI, wiki 2 baada ya ajali takriban 12 tu kwa kila 100 walikuwa na hali ya kuridhisha, yaani angalau wangeweza kuachwa peke yao nyumbani kwa saa kadhaa. Baada ya miezi 12 walikuwa zaidi ya nusu.

Kwa hiyo, ukiambiwa namba ya damu ni mbaya, uliza ilichukuliwa saa ngapi baada ya ajali na mgonjwa ameumia wapi kwingine. Na usikubali namba ya siku ya kwanza peke yake iamue kusitisha matibabu.