Kipande cha nyama ya titi kinaulizwa nini?

(Muziki wa kufungua. Unashuka.)

MTANGAZAJI: Mama zetu na baba zetu wa Mantapala, nanyi ndugu wa Chienge, kando ya Ziwa Mweru. Mama mmoja alikuta uvimbe kwenye titi. Daktari akataka kukata kipande kidogo cha nyama akipime. Jirani akamwambia: ukikatwa, ugonjwa unaamka. Mama akarudi nyumbani.

Mama, rudi hospitali. Kipimo hicho hakiamshi kansa. Tena uvimbe mwingi wa titi si kansa. Ila bila kipande hicho, hakuna anayejua.

(Muziki mfupi)

MTANGAZAJI: Ikiwa ni kansa, maabara inakiuliza kipande swali la pili: una protini gani? Wanakipaka dawa ya rangi, protini zinaonekana kwa darubini. Wanatafuta tatu: ER, PR na HER2.

ER na PR ni kama midomo. Kwa midomo hiyo kansa inalishwa na homoni za mwili, estrojeni na projesteroni. Kidonge cha tamoksifeni kinaziba mdomo wa estrojeni, kansa inakosa chakula. Mara nyingi kinamezwa kila siku kwa miaka 5.

HER2 ikizidi, inaisukuma kansa ikue haraka. Dawa yake ni trastuzumabu. Ni ghali, lakini tangu mwaka 2015 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Na kama zote tatu hazipo? Tamoksifeni haitasaidia. Kuna upasuaji, mionzi, na dawa kali za kuua kansa zinazoingizwa kwenye mshipa.

Ndiyo maana dawa ya dada yako inaweza isikufae wewe, hata kama uvimbe wenu unafanana.

(Muziki mfupi)

MTANGAZAJI: Hospitali ya Kansa ya Lusaka inatibu tangu mwaka 2007, lakini kutoka huku ni safari ya karibu kilomita 1,000. Kwa hiyo shika mambo matatu. Ukikuta uvimbe, nenda kituo cha afya wiki hii hii. Ukikatwa kipande, uliza: kimewekwa mara moja kwenye formalini? Kikicheleweshwa protini zinaharibika, na jibu linaweza kudanganya. Karatasi ya majibu itunze, ipige picha kwa simu. Tulipokimbia, wengi tuliacha karatasi zetu nyumbani. Hii usiiache.

(Muziki wa kufunga)