Maziwa Hayasafishi Mapafu

Kuna jambo moja tunalolisikia kila tunapoongea na vijana wanaopakia simiti hapa Athi River. Ukiwauliza wanajikinga vipi na vumbi, wengi wanajibu kwa haraka: "Maziwa. Jioni unakunywa pakiti moja, inashuka na vumbi yote." Wengine wanaenda mbali zaidi. Wanamsifu bosi fulani kuwa ni mzuri kwa sababu anawapa maziwa, na wanamlaumu mwingine kwa sababu alikata maziwa mwaka jana. Hatujasikia hata mmoja akilaumu kiwanda kwa kukosa kipulizo cha kunyonya vumbi pale mifuko inapojazwa.

Sisi hatuna vita na maziwa. Maziwa ni chakula kizuri, na mtu aliyebeba mifuko ya kilo 50 tangu asubuhi anayahitaji. Lakini tuseme ukweli. Kile unachokunywa kinapita kwenye koo la chakula na kuingia tumboni. Vumbi unalovuta linapita kwenye koo la hewa na kuingia mapafuni. Hizo ni njia mbili tofauti, na mwili una kifuniko kidogo hapo juu ambacho kazi yake ni kuzuia chakula kisiingie njia ya hewa. Maziwa yakifika mapafuni, hapo umepaliwa, na hiyo ni hatari yenyewe. Kwa hivyo yule kijana anayekunywa maziwa jioni ameshiba, koo limelainika, anajisikia vizuri, lakini vumbi la mchana bado liko pale pale.

Basi mapafu yanajisafisha namna gani? Vumbi kubwa, lile unaloliona, hunaswa na nywele za pua na makamasi. Lile linalopita hapo linashikwa na ute kwenye mirija ya hewa, na vinyweleo vidogo sana vinaufagia ute huo kwenda juu mpaka uuteme au uumeze. Hiyo ndiyo sababu mtu akitoka kazini anatema makohozi ya rangi ya simiti. Usiogope hayo, ni mwili unafanya kazi yake. Shida ni lile vumbi laini kabisa, ambalo macho hayalioni ila labda mwale wa jua ukipita dirishani. Hilo linafika chini kabisa, kwenye vifuko vidogo vya hewa, mahali ambapo hakuna ufagio. Na mtu anayevuta sigara anaviharibu vile vinyweleo kwa mikono yake mwenyewe, kwa hivyo vumbi na sigara pamoja ni mzigo juu ya mzigo.

Vumbi nalo si la aina moja. Simiti yenyewe ni kali kama magadi. Ikikutana na jasho au maji inachoma ngozi, na mchomo wake una ujanja: hausikii maumivu mara moja. Fundi anapiga magoti kwenye zege bichi saa mbili tatu, suruali imelowa, na jioni anapovua anakuta ngozi imebambuka. Tena simiti huwa na chembe za kromiamu, ambazo kwa watu wengine zinaleta mwasho wa mikono usiopona. Mwili ukishaanza kuzikataa, hata simiti kidogo inaamsha ugonjwa. Tunawajua mafundi walioacha kazi kwa sababu hiyo, na majirani wakasema wamerogwa.

Vumbi la mawe ndilo baya zaidi. Mawe, mchanga na kokoto vina kitu kinachoitwa silika. Anayevunja mawe kwenye machimbo, anayekata vigae au ukuta kwa grainda, anayepuliza mchanga kusafisha vyuma, wote wanavuta silika. Ikikaa mapafuni kwa miaka inaleta makovu, na ugonjwa huo unaitwa silikosisi. Kwa kawaida unachukua miaka kumi au zaidi kujitokeza, ingawa kwa vumbi jingi sana unaweza kuja mapema. Hauna dawa ya kuuponya. Jambo lingine ambalo wengi hawaelezwi ni kwamba mapafu yenye silika yanashikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Kwa hivyo ukiwa unafanya kazi ya vumbi na una kikohozi, jasho la usiku au unapungua uzito, usiseme "ni simiti tu". Nenda ukapimwe makohozi. Matibabu ya TB katika hospitali za serikali hayalipiwi, na kwa wengi yanachukua miezi sita.

Mji wetu ulikua na viwanda. Kenya Meat Commission iliundwa mwaka 1950, kiwanda cha simiti kikaja katika miaka ya hiyo hiyo ya 1950, sheria ya EPZ ikapitishwa 1990, kisha zikafuata simiti nyingine, vyuma na nguo. Kila kiwanda kina madhara yake. Kwenye nyama kuna brusela, ile homa inayopanda na kushuka na maumivu ya viungo, ambayo inaingia kwa damu na majimaji ya mnyama, na mara nyingi mgonjwa anatibiwa malaria mara tatu kabla mtu hajafikiria kumuuliza anafanya kazi wapi. Kwenye vyuma kuna joto na kelele. Kipimo rahisi cha kelele ni hiki: kama mwenzako yuko umbali wa mkono na inabidi upige kelele ndiyo akusikie, masikio yako yanaumia. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 zinasema mtu asiwekwe kwenye kelele inayozidi desibeli 90 kwa saa nane. Usikivu ukishaharibika kwa kelele haurudi.

Kina mama na wasichana wanaoshona nguo wana shida ya aina yake, na wanaisema kwa aibu. Wengi hawanywi maji kutoka asubuhi. Si kwamba maji hayapo, ila ukinywa maji utataka kwenda choo, na ukienda choo supavaiza anahesabu dakika na tageti inabaki nyuma. Dada mmoja alituambia, "Sisi tumefundisha vibofu vyetu kungoja lanchi." Kibofu hakifundishiki hivyo. Mkojo ukikaa muda mrefu vijidudu vinazaliana, na ndiyo sababu ya yale maumivu ya kukojoa yanayorudi kila mwezi. Kwa mwenye mimba maambukizo hayo yanaweza kupanda hadi kwenye figo na hata kuleta uchungu kabla ya wakati. Kwa maoni yetu, kiwanda kinachohesabu dakika za choo kinapoteza siku nzima za wagonjwa ili kuokoa dakika tano, na hiyo ni hesabu mbaya hata kwa mwenye pesa.

Sasa tukirudi kwenye vumbi, nini kinafanya kazi? Cha kwanza ni kulizuia pale linapotoka. Kipulizo cha kunyonya kwenye mdomo wa mfuko. Maji kwenye msumeno wa mawe. Kunyunyizia sakafu kabla ya kufagia, maana kufagia vumbi kavu ni kulihamisha kutoka chini kuingia puani. Maski inakuja mwisho, wala si mwanzo, na iwe maski ya kweli. Leso iliyofungwa mdomoni inazuia mchanga, haizuii lile vumbi laini. Maski ya aina ya N95 inasaidia, lakini ni lazima ikae barabara usoni. Ikipitisha hewa pembeni, au ikikalia ndevu nyingi, ni pambo tu. Na msijipulize nguo kwa paipu ya hewa mkitoka kazini. Tunajua inafurahisha na ni haraka, lakini ni kujirushia usoni vumbi lote la siku.

Ovaroli ibaki kazini kama kuna mahali pa kuiacha. Kama ni lazima ije nyumbani, ifuliwe peke yake, isilowekwe kwenye beseni moja na nguo za mtoto. Na baba asimbebe mtoto kabla ya kuoga, hata kama mtoto amekimbia kumpokea.

Wengi wanatuuliza, "Lakini sisi ni vibarua, tutadai nini?" Hapa tusikilizane vizuri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inahusu kila mahali pa kazi na kila anayefanya kazi hapo, awe wa kudumu au wa muda. Mwajiri ndiye anayetoa vifaa vya kujikinga, na haruhusiwi kukukata mshahara kwa ajili ya vifaa hivyo. Palipo na wafanyakazi 20 au zaidi lazima kuwe na kamati ya usalama, na wawakilishi wa wafanyakazi wawe ndani yake. Ukiona hatari kubwa ya karibu, mwarifu msimamizi wako. Hawezi kukulazimisha urudi pale wakati hatari bado ipo. Na sheria hiyo hiyo inakataza kumfukuza mtu kwa sababu tu alilalamika kuhusu usalama. Tunajua huko getini mambo ni mengine, na kibarua akilalamika kesho haitwi. Ndiyo maana ni afadhali malalamiko yapitie kwa kamati, kwa chama cha wafanyakazi, au yaandikwe kwa ofisi ya Usalama na Afya Kazini, ile watu wanaita DOSH.

Ukiumia, kuna sheria nyingine ya 2007, ya fidia, ambayo wengi wanaijua kwa jina la WIBA. Makato ya SHA, yale ya asilimia 2.75 yaliyochukua nafasi ya NHIF kuanzia Oktoba 2024, si badala yake. Matibabu ya aliyeumia kazini ni gharama ya mwajiri. Kwa hivyo ukifika hospitali usikubali kuandikisha kwamba ulianguka nyumbani, hata kama aliyekuleta anakuomba hivyo kwa upole sana. Mwarifu mwajiri mara moja, na ikiwezekana kwa maandishi. Yeye naye anapaswa kuripoti ajali kwa Mkurugenzi ndani ya siku saba, na madai yawasilishwe kabla ya miezi 12 kwisha. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Desemba 2019, madai haya yanaanzia kwa Mkurugenzi, si kortini, kwa hivyo anayekuomba pesa akufungulie kesi moja kwa moja, muulize vizuri kwanza.

Magonjwa ya kazini pia yanafidiwa, silikosisi ikiwemo. Ugumu ni ushahidi. Ugonjwa unakuja baada ya miaka mingi, kampuni imebadilisha jina mara mbili, na mzee hana hata karatasi moja. Basi weka kila kitu: kadi ya geti, peisilipi, barua, hata ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya kibarua. Weka na picha za eksirei. Ya kwanza uliyopigwa ukiwa mzima ndiyo yenye maana zaidi, kwa sababu daktari ataiweka kando ya ile mpya. Ziwekwe kwenye bahasha mahali pakavu, na mke au ndugu mmoja ajue zilipo.